Kanuni Kwanza, Mtambo Baadaye: Kuingiza Maudhui ya Kujitungia Kwenye Meza Pepe

Ndugu mwenyekiti, ndugu wasimamizi wa michezo, nanyi wachezaji mlioziweka kando dadu zenu kwa muda ili mje kunisikiliza, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuingiza maudhui ya kujitungia katika michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa kwenye meza pepe (programu ya kompyuta inayoshika nafasi ya meza ya mbao), yaani silaha, mazimwi, uchawi na kanuni ambazo hazimo katika kitabu cha mchezo bali zimebuniwa na watu wa mezani wenyewe. Ningeweza kuanza kwa kuwaonyesha vitufe vya kubonyeza, lakini vitufe huhamishwa kila toleo jipya la programu linapotoka, na aliyevikariri hujikuta anaanza upya. Nitaanza na jambo lisilohama: kanuni unayoitunga sharti ikamilike katika maneno ya watu kabla hujaikabidhi kwa mtambo, kwa sababu mtambo hutekeleza ulichoandika na hauna habari na ulichokusudia.

Kujitungia si ugeni katika michezo hii. Dungeons & Dragons, iliyochapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, yenyewe ilikuwa tunda la watu waliokuwa wakizirekebisha kanuni za michezo ya vita ya mezani; kabla ya mwaka huo Arneson alikwisha kuwa na ulimwengu wake wa Blackmoor, na wenzake walikuwa wakiucheza. Waliokuja baada yao waliendelea vivyo hivyo, wakiandika pembeni mwa kurasa na kujaza mapengo kwa busara ya msimamizi, yule anayeuendesha mchezo. Kilichobadilika ni anayeisoma kanuni. Tangu meza pepe iitwayo Fantasy Grounds ilipotoka mwaka 2004, ikafuatwa na Roll20 mwaka 2012 na Foundry Virtual Tabletop mwaka 2020, sehemu ya kazi ya msimamizi imekabidhiwa programu: ndiyo inayojumlisha dadu, kupunguza pointi za uhai na kukumbuka nani amelogwa na kwa zamu ngapi. Msimamizi akisoma kanuni yenye pengo hulijaza papo hapo, mara nyingi bila hata kutambua kwamba lilikuwapo. Programu haijazi kitu.

Niruhusuni nieleze nilivyolifahamu jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilitunga bangili ya shaba kwa ajili ya mchezaji mmoja ambaye mhusika wake alikuwa akiumia kuliko wenzake wote. Maelezo yake yalikuwa sentensi moja: mvaaji hurudishiwa pointi 1 ya uhai kila mwanzo wa zamu yake. Pointi 1 ni kidogo mno, na sikuona hatari yoyote. Niliandika makro fupi, yaani amri ndogo ya programu, ya kuiongeza, nikaibandika kwa mhusika yule, tukaanza kucheza. Katika pambano la kwanza alipigwa akaanguka na kufikia sifuri, zamu yake ilipofika programu ikampa pointi 1, akainuka, akapiga, akaangushwa tena, akainuka tena. Mnajua kwamba katika toleo la tano la Dungeons & Dragons aliyeanguka huamka mara tu anapopata uhai wowote, hata kama ni pointi moja. Bila kukusudia nilikuwa nimemtengeneza mtu asiyekufa. Wachezaji wenzake, ambao walikuwa wamezoea kuhangaika kumwokoa aliyeanguka, waliacha kumtazama kabisa, na sehemu nzuri kuliko zote ya pambano, ile ya kuamua nani aache silaha amkimbilie mwenzake, ikatoweka mezani petu.

Wiki chache baadaye aliiuza bangili ile, na bado akaendelea kupona kila zamu. Athari nilikuwa nimeibandika kwa mhusika badala ya kuibandika kwenye bangili yenyewe. Kwenye meza ya mbao hakuna ambaye angedai kwamba bangili iliyouzwa inaendelea kumponya aliyeiuza. Jambo hilo halihitaji kuandikwa. Kwenye meza pepe linahitaji.

Baada ya hapo nilirudi kusoma kanuni zilizochapishwa, na safari hiyo nilizisoma kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake. Katika SRD 5.1, hati ya kanuni za msingi za toleo hilo la tano, zimwi liitwalo troll hujiponya pointi 10 mwanzoni mwa zamu yake. Lakini likiunguzwa kwa moto au tindikali, uwezo huo haufanyi kazi katika mwanzo wa zamu yake inayofuata, na imeandikwa waziwazi kwamba hufa tu pale linapoianza zamu likiwa na sifuri na likashindwa kujiponya. Katika hati hiyohiyo, mpiganaji wa aina ya Champion anapofika ngazi ya 18 hupata uwezo wa kupona kila zamu, lakini pale tu uhai alio nao usipozidi nusu ya uhai wake wote, na hapati chochote akiwa na pointi 0. Yale maneno machache ya mwisho ndiyo yaliyokosekana katika bangili yangu. Walioandika kanuni hizo waliona mapema pale ambapo mimi niliona baada ya uharibifu kutokea.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua programu, chukua karatasi uandike kanuni yako kana kwamba unampa msimamizi usiyemjua, ambaye hatakupigia simu kukuuliza. Taja athari inamwangukia nani, inaanza wakati gani hasa, inakoma lini, na ni hali gani inayoizuia. Neno "zamu" pekee halitoshi, kwa kuwa mwanzo wa zamu ya mvaaji na mwisho wa zamu ya adui ni nyakati mbili tofauti, na mtu anaweza kufa kati yake. Neno "adui" nalo linahitaji uamuzi: je, ni yeyote aliye upande wa pili, au ni yule mvaaji anayemchagua? Mpe rafiki asome kimya, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe kitu hicho kinafanya nini. Akikosea, usimsahihishe yeye, sahihisha maandishi. Nashauri pia kanuni iandikwe katika lugha ambayo watu wa meza yako wanaizungumza wanapocheza. Nimeona wasimamizi wanaocheza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, lakini wakianza kutunga hukimbilia Kiingereza cha kuazima ambacho wao wenyewe hawakimudu vizuri, na mapengo huzaliwa hapo. Sehemu ya maelezo katika programu inapokea lugha yoyote.

Baada ya maneno huja hesabu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vitu vingi vya kujitungia vinapoharibikia. Dadu ya pande 20 ina wastani wa 10.5, na kila nyongeza ya +1 humwongezea mpigaji asilimia 5 za kufaulu. Nambari hiyo inaonekana ndogo hadi uipime kwa kipimo cha mchezo wenyewe. Katika toleo la tano, nyongeza ya ustadi huanza na +2 katika ngazi ya 1 na kufika +6 katika ngazi ya 17, maana yake safari nzima ya mhusika, ambayo huwachukua watu miaka, humwongezea 4 tu. Upanga wenye +3 humpa robo tatu za safari hiyo jioni moja. Simaanishi kwamba upanga wa namna hiyo usitungwe. Namaanisha kwamba anayeutunga ajue anatoa nini.

Kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa kunadanganya zaidi. Wastani hupanda kutoka 10.5 hadi karibu 13.8, lakini faida halisi inategemea ugumu wa jambo. Anayehitaji 11 au zaidi hutoka asilimia 50 hadi 75, sawasawa na kupewa +5. Anayehitaji 20 pekee hutoka asilimia 5 hadi 9.75. Basi kifaa kinachompa mtu dadu ya pili kila wakati humnufaisha sana katika mambo ya wastani, ambayo ndiyo mengi, na humsaidia kidogo pale anapokata tamaa. Watungaji wengi hudhani ni kinyume chake.

Kwa upande wa madhara, tafuta kipimo sahihi cha kujilinganisha nacho. Wengi wanaotunga uchawi wa ngazi ya 3 hujipima kwa ule mpira wa moto maarufu, ambao hurusha dadu 8 za pande 6, wastani wa 28, katika duara lenye nusu kipenyo cha futi 20. Lakini mwongozo wa msimamizi wa mwaka 2014 una jedwali la wanaotunga uchawi wao wenyewe, na jedwali hilo linapendekeza dadu 6 za pande 6 kwa uchawi wa ngazi hiyo unaowapata wengi kwa pamoja, yaani wastani wa 21. Mpira wa moto umeachwa makusudi juu ya kiwango. Atakayeufanya kuwa kipimo chake, kisha akaongeza "kidogo tu" ili kazi yake ipendeze, atakuwa amepita mipaka mara mbili.

Kuhusu mazimwi nitasema kwa ufupi. Idadi ya vitendo ina uzito kuliko wingi wa uhai. Zimwi moja linalotenda mara moja mbele ya wachezaji watano wanaotenda mara tano litalemewa, hata ukilipatia pointi 300 za uhai, na pambano litakuwa refu na la kuchosha. Ndiyo sababu mazimwi makuu katika vitabu hupewa vitendo vya ziada mwishoni mwa zamu za wengine.

Sasa tuingie katika mtambo wenyewe. Nitatolea mfano Foundry kwa kuwa ndiyo ninayoitumia, ingawa fikra zake zinafaa kwingine pia. Unapotunga kitu, kwanza usibadilishe mikusanyo, yaani maktaba za vitu, iliyokuja na mfumo wa mchezo. Inashawishi kuchukua upanga uliopo na kuurekebisha hapohapo, lakini mfumo ukisasishwa mkusanyo wake huandikwa upya na kazi yako hupotea. Fungua mkusanyo wako, nakili upanga ndani yake, kisha ufanyie kazi ile nakala. Pili, elewa kwamba kitu kinapoburutwa na kuwekwa kwa mhusika, mhusika hupewa nakala inayojitegemea. Ukigundua kosa baada ya wiki tatu na kulirekebisha katika mkusanyo, nakala alizonazo wachezaji hubaki na kosa lilelile mpaka uziondoe na kuwapa mpya. Nimewahi kutumia jioni nzima nikitafuta kwa nini marekebisho yangu hayafanyi kazi, na kumbe yalikuwa yakifanya kazi kikamilifu katika nakala ambayo hakuna mtu aliyeishika.

Tatu ni fomula. Mtu akiwa na nguvu ya +3 na ustadi wa +2, mtungaji mwenye haraka huandika 1d20 + 5, yaani dadu moja ya pande 20 jumlisha 5, na kufurahi kwamba jibu ni sahihi. Ni sahihi leo. Mhusika akipanda ngazi, ile 5 haitapanda naye, na kwa kuwa programu inatoa jibu bila kusita, inaweza kupita miezi kabla mtu hajashuku. Andika 1d20 + @abilities.str.mod + @prof, na programu itasoma thamani za mhusika zilivyo wakati wa kurusha. Nambari tupu iandikwe tu pale unapokusudia kwamba isibadilike kamwe.

Nne, na hili ndilo linalohitaji utulivu zaidi, ni namna athari inavyogusa thamani. Programu hukuruhusu kuongeza, kuzidisha, kufuta na kuweka thamani mpya, au kuipandisha thamani ikiwa tu iko chini ya kiwango fulani. Wengi huchukua njia ya kufuta na kuweka mpya kwa sababu matokeo yake yanaonekana mara moja. Tazameni glavu za nguvu za zimwi ziitwalo Gauntlets of Ogre Power katika SRD: nguvu ya mvaaji huwa 19, na hazimfaidii aliye na 19 au zaidi tayari. Ukizitengeneza kwa njia ya kufuta na kuweka mpya, shujaa mwenye nguvu 20 akizivaa atashuka hadi 19, na programu haitaona ajabu yoyote. Njia ya kupandisha ndiyo inayobeba maana ya kanuni hiyo. Mnaona jinsi uchaguzi mmoja wa menyu ulivyo tafsiri ya sentensi nzima. Na asiyekuwa na sentensi hana cha kutafsiri.

Lipo swali ninaloulizwa kila mara: je, kila kanuni iendeshwe na programu? Jibu langu ni hapana, na nina imani nalo kubwa. Hesabu zinazorudiwa mara nyingi na zisizo na ubishi ziachie programu, kama nyongeza za silaha, madhara, na muda wa athari. Lakini kanuni yenye neno "akikubali", "ikiwa inaeleweka", au "kwa idhini ya msimamizi" iachwe katika maandishi, ionekane kwa wote, na iamuliwe kwa mazungumzo. Nilimwona mtungaji mmoja hodari aliyejenga laana ya kusema uongo, ambayo ilimdhuru mhusika kila alipodanganya. Alitumia siku nyingi kutafuta namna ya kuifanya programu igundue uongo, hadi mwisho akaweka kitufe kimoja kwa msimamizi, na laana ikawa bora mara dufu, kwa sababu kila kitufe kilipobonyezwa meza ilisimama na kujadili kama yale maneno kweli yalikuwa uongo. Majadiliano yale ndiyo mchezo. Kuyafuta ili kuokoa sekunde tano ni hasara.

Kuhusu haki za watu, neno moja linatosha kwa wanaocheza na marafiki tu, na neno hilo ni kwamba endeleeni. Kwa anayetaka kusambaza moduli yake, yaani kifurushi cha maudhui aliyoyatunga, mambo ni mengine. Mwezi Januari 2023 wachezaji wengi walipinga mpango wa kubadilisha leseni ya wazi ya kutumia kanuni za Dungeons & Dragons, iliyotumika tangu mwaka 2000, na tarehe 27 mwezi huohuo kampuni ya Wizards of the Coast, inayouchapisha mchezo huo, ikaiweka SRD 5.1 chini ya leseni ya Creative Commons ya kutaja chanzo, toleo la 4.0. Leseni hiyo inakuruhusu kuzitumia, kuzibadilisha na hata kuziuza kanuni zilizomo mradi utaje chanzo kama inavyoelekezwa. Haikupi kila kitu kilicho vitabuni: takwimu za mazimwi mashuhuri beholder na mind flayer, kwa mfano, hazimo. Picha ni suala tofauti kabisa. Picha uliyoiokota mtandaoni ukaipachika kwenye kete ya zimwi lako ina mwenyewe, na kuigawa pamoja na moduli bila idhini yake ni kumdhulumu msanii.

Namalizia na majaribio, ambayo watu huyaruka kwa hamu ya kucheza. Fungua ulimwengu mtupu, usio wa kampeni yako. Weka wahusika wawili na zimwi moja. Mvalishe mmoja kifaa chako, mpige hadi sifuri, mvue kifaa, mpe mwenzake, songeza mbele zamu kumi, panda ngazi, zima programu na kuiwasha tena, na kila mara linganisha kinachoonekana na ile karatasi yako. Nakala ya akiba ya ulimwengu wako ichukue programu ikiwa imezimwa, kwa sababu kunakili hifadhidata inayoendelea kuandikwa kunaweza kukupa nakala mbovu. Na kabla ya kukipeleka mezani, waambie wachezaji wazi kwamba kitu hiki ni kipya na kwamba kinaweza kubadilishwa baada ya vikao vitatu. Aliyeambiwa mapema hukubali marekebisho kwa moyo mweupe, na aliyeshtukizwa huona amenyang'anywa.

Bangili yangu bado ipo. Maelezo yake sasa yanasomeka hivi: "Mwanzoni mwa kila zamu yake, mvaaji aliyeunganishwa na bangili hii hurudishiwa pointi 1 ya uhai, ikiwa ana angalau pointi 1 na hajazidi nusu ya uhai wake wote. Uwezo huu hukoma papo hapo bangili inapovuliwa, kuuzwa au kuvunjika." Athari imefungwa kwenye bangili yenyewe, na makro hukagua sifuri kabla ya kuongeza chochote. Mhusika anayeivaa sasa aliangushwa katika kikao chetu kilichopita, akalala chini zamu mbili, na wenzake wawili wakaacha kumshambulia zimwi ili wamkimbilie.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti akiruhusu, nipo tayari kwa maswali, na aliyekuja na kifaa alichokitunga mwenyewe akisome kwa sauti tukipitie pamoja.